Kupaka kinga mpini wa mbao wa kisu cha kukunja: mwongozo kamili

Malalamiko yanayorudi kuhusu kazi hii ni matatu. Mpini ulipakwa wiki mbili zilizopita na hadi leo unanata mkononi. Vanishi imeanza kutoka magamba pale kidole gumba kinapokaa. La tatu ndilo linaloudhi kuliko yote: kisu kilipakwa vizuri, kikang'aa, kikalowa mara moja tu, na sasa bapa halitoki.

Wengi hulaumu mafuta au kopo la vanishi. Mara nyingi kopo halina kosa. Kosa liko kwenye mikono minene, yaani matabaka ya kinga, iliyopakwa bila kufutwa, na kwenye mfereji, yaani ule mwanya ambamo bapa hulala kisu kikikunjwa, ulioachwa mbao tupu. Watu hung'arisha mgongo wa mpini kwa sababu ndio unaoonekana, ilhali maji huingilia ndani. Mbao ikinywa maji huvimba upana, haiongezeki urefu kwa kiasi cha kuonekana. Kuta mbili za mfereji zikivimba, zinasogeleana na kulikaba bapa katikati. Kwa hiyo humu tutakaa zaidi ndani ya mfereji kuliko nje.

## Kisu kinachohusika

Mwongozo huu ni wa mpini wa mbao: Okapi yenye hilali na nyota za shaba ubavuni, Opinel ya Ufaransa yenye mpini wa mti wa biki, au kisu alichokutengenezea fundi kwa mninga au mkongo. Opinel ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa na vanishi nyembamba, na biki ni mbao inayovimba sana, ndiyo maana wenye visu hivyo huongoza kwa kulalamika.

Mpini wa plastiki au nailoni usiupake kitu. Hauhitaji kinga, vanishi haishiki juu yake, na thina inaweza kuuyeyusha. Mpingo una mambo yake. Uko sehemu yake chini, usome kabla hujaanza.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza. Mafuta yakishaanza kukauka huna nafasi ya kukimbilia dukani.

- Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kopo dogo. Yapo kwenye baadhi ya maduka ya rangi na hadiwea.
- Tapentaini, ya kuzimulia mafuta na kusafishia.
- Spiriti, ya kufutia grisi.
- Msasa namba 120, 180, 240, 320 na 400, kipande kimoja kimoja.
- Kifutio cha penseli, kile kigumu cha mstatili, cha kuzungushia msasa.
- Kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na vijiti viwili vitatu vya mishikaki.
- Fulana ya pamba iliyochakaa, ikatwe vipande vya ukubwa wa kiganja.
- Masking tepu na kipande cha boksi gumu.
- Nta ya nyuki kidogo.
- Mafuta ya cherehani. Kama kisu ni cha matunda na chakula, nunua likwidi parafini ya famasi.
- Glovu na barakoa.
- Ndoo au kopo la bati lenye maji na kifuniko, kwa ajili ya vitambaa vilivyotumika. Hili si la hiari.

Vanishi ya mashua iongeze tu ikiwa kisu chako kinashinda majini. Nitaeleza kwenye hatua ya nane.

## Kwa nini kitani, na vipi vile vilivyopo jikoni

Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupaa hewani kama maji. Yanachukua oksijeni, yanaungana na kugeuka kitu kigumu ndani ya vinyweleo vya mbao. Yale yaliyochemshwa, kama yanavyouzwa leo, yametiwa viungo vya madini vya kuharakisha kazi hiyo, kwa hiyo mkono mwembamba hushika kwa siku moja hivi. Yale mabichi, pamoja na mafuta ya mbegu za kitani yanayouzwa supamaketi kama chakula, yanafika hapohapo, lakini huweza kuchukua wiki.

Mafuta ya nazi, ya mawese na ya karanga hayafanyi hivyo kabisa. Ukipaka leo, mwezi ujao bado ni mafuta: yananasa vumbi, yanachacha, na yanazuia kinga nyingine yoyote isishike. Ya alizeti hukauka nusunusu, na hiyo nusu ndiyo ile gundi ya kahawia unayoikuta kwenye chupa ya mafuta jikoni. Mpini unaonata, mara nyingi, ulianzia kabatini jikoni.

Kopo la rangi ya kupuliza nalo liache. Ile lakari inayokauka haraka, ukiipuliza siku yenye unyevu mwingi hewani, hupata ukungu mweupe, kwa sababu thina ikipaa kwa kasi hupoza uso na mvuke wa hewani ukagandia humo. Pwani siku za namna hiyo ni nyingi.

## Hatua ya 1: Safisha, kisha kausha kwelikweli

Fungua kisu, loki ishike. Chukua kijiti cha mshikaki ukwangue mfereji kuanzia kwenye pini, pale bapa linapozungukia, hadi mkiani. Utashangaa kinachotoka: manyoya ya mfukoni, magamba ya samaki, nyanya iliyokauka, tumbaku. Uchafu huu ndio unaonyonya maji na kuyashikilia ubavuni mwa mbao hata baada ya nje kukauka.

Futa mpini kwa kitambaa chenye maji vuguvugu na sabuni kidogo, kisha kwa kingine chenye maji matupu. Usiutumbukize. Kisu cha baharini kifutwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara mbili tatu, mfereji ukiwemo, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani itaendelea kuvuta unyevu wa hewa chini ya kinga yako. Malizia kwa spiriti.

Sasa uache kivulini penye upepo, kisu kikiwa wazi, siku mbili au tatu. Wakati wa masika ongeza. Usiuweke juani wala karibu na jiko. Mbao ikikauka nje kabla ya ndani hupasuka, na ufa huanzia pale penye ribiti, vile vijipini vya chuma vinavyoshikilia mpini.

Kama bapa limeshakwama, usilivute kwa koleo. Koleo huacha makovu kwenye chuma na kutanua tundu la pini. Kiache kisu kilivyo mahali pakavu hadi mbao inywee. Kisha kama ni Opinel, legeza pete ya chuma inayofunga bapa, shika mpini wima na ugonge mkia wake juu ya meza ya mbao. Bapa huchomoza kiasi cha kulishika kwa kucha. Watu wa Savoie, kinakotoka kisu hicho, wamekuwa wakikifungua hivyo tangu zamani. Okapi haikubali mbinu hiyo, springi yake ya mgongoni inalishikilia bapa. Hapo ni subira tu.

Utajua umefaulu: bapa linaingia na kutoka bila kukwaruza, na ukinusa mfereji hakuna harufu ya uvundo.

## Hatua ya 2: Funga bapa

Kunja kipande cha boksi juu ya makali, zungushia masking tepu kuanzia kwenye ncha. Acha sentimita moja wazi karibu na pini, ili bapa liweze kukunjwa hadi nusu wakati wa kazi. Utakuwa unashika mpini unaoteleza mafuta kwa muda mrefu; bapa lisilofungwa litakukata, sina shaka.

Bandika tepu pia juu ya pete na springi.

Usitie grisi wala mafuta ya cherehani kwenye pini sasa. Najua inavutia, ili kinga isiingie na kugandisha. Lakini mafuta hayo hayakauki. Yatapanda kwenye mbao ya jirani, na pale yalipofika kitani hakitashika. Pini itapata yake mwishoni.

## Hatua ya 3: Toa kinga ya zamani

Dondosha tone la maji mgongoni mwa mpini. Likibaki limetuna, kuna vanishi au nta. Likizama ndani ya dakika moja, mbao iko wazi tayari na kazi yako ya msasa itakuwa fupi.

Zungushia msasa kwenye kifutio cha penseli. Kifutio kinajipinda kufuata mviringo wa mpini bila kuchimba mashimo kama vidole vinavyofanya. Anza na 120 ikiwa vanishi ni nene, vinginevyo 180, halafu 240. Sugua kufuata nyuzi za mbao kila wakati. Mikwaruzo ya kukata nyuzi haionekani ikiwa kavu. Ukishapaka mafuta inajitokeza yote.

Kwenye ribiti na zile nyota za shaba, punguza mkono. Mbao huliwa na msasa haraka kuliko chuma, na ukipitiliza, nyota zitabaki zimechomoza na kukwaruza kiganja. Anza moja kwa moja na 320 hapo.

Kwa ndani, kunja ukanda wa msasa 240 kwenye ukingo wa kadi ya benki, uupitishe mferejini mara chache, kuta zote mbili. Unaondoa uchafu na ule utelezi, hutanui mfereji. Ukiona ukutani pana alama nyeusi inayong'aa, hapo ndipo bapa linapogusa: sugua hapo zaidi kidogo, na upande mwingine uuache.

Onyo: usichovye mpini kwenye thina ili vanishi itoke yenyewe. Thina inaingia mferejini na kwenye pini ikiwa imebeba vanishi iliyoyeyuka, na inapopaa inaiacha humo ndani. Vaa barakoa pia. Vumbi la baadhi ya mbao zetu ngumu linawasha pua na macho.

Utajua umefaulu: mpini wote una rangi moja iliyofifia, hakuna kisiwa kinachong'aa ukiuinamisha dirishani, na tone la maji linazama popote unapolidondosha.

## Hatua ya 4: Inua nyuzi

Pitisha kitambaa chenye unyevu, si kilicholowa. Subiri saa moja. Ukipapasa utahisi vinywele vimesimama. Ni nyuzi zilizokuwa zimelazwa na msasa, na zingesimama baadaye ndani ya kinga yako siku kisu kitakapolowa. Zikate kwa msasa 320, mkono mwepesi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini, mferejini pia, usubiri ipae.

## Hatua ya 5: Mfereji kwanza

Changanya mafuta ya kitani na tapentaini, nusu kwa nusu, kwenye kizibo cha chupa. Kizibo kimoja kinatosha. Tapentaini inayafanya mafuta yawe mepesi, yazame ndani zaidi kabla hayajaanza kushika.

Kunja kipande cha fulana kwenye ukingo wa kadi, kichovye, kikamue, kisha kipitishe mferejini kuta zote mbili na sakafu yake. Karibu na pini kadi haifiki. Hapo tumia kijiti cha mshikaki kilichozungushiwa uzi wa fulana nchani. Gusa, usimwage. Tone linaloning'inia kwenye pini likikauka ndilo litakalokupa kisu kigumu kufungua.

Halafu kuna sehemu mbili ambazo karibu kila mtu anazisahau. Moja ni mkia wa mpini, pale mbao ilipokatwa kichwa. Nyuzi za mbao ni mirija, na hapo mirija yote iko wazi. Maji yanaingia humo kwa kasi kuliko ubavuni. Nyingine ni ukuta wa ndani wa tundu la kamba, kama kisu chako kina tundu. Kamba iliyolowa hukaa humo siku nzima ikinywesha mbao. Paka mkiani na tunduni, subiri dakika tano, upake tena, hadi mbao ikatae.

Baada ya robo saa, pitisha kitambaa kikavu mferejini, kisha kingine kikavu, hadi kitoke bila alama. Kunja bapa hadi nusu na ulirudishe mara kadhaa. Laza kisu mfereji ukitazama chini, juu ya vijiti viwili, ili ziada ianguke nje badala ya kutuama kwenye pini. Rudia kukunja nusu na kurudisha kila unapopita karibu nacho siku hiyo.

Mfereji unahitaji mikono miwili ya namna hii, siku moja katikati. Kisu cha mvuvi, mitatu.

Utajua umefaulu: siku ya pili, kuta za mfereji zimekuwa na rangi nzito zaidi lakini hazing'ai, na kijiti kikavu kikipita hakishiki kitu.

## Hatua ya 6: Nje

Mkono wa kwanza wa nje tumia mchanganyiko uleule. Mikono inayofuata, mafuta matupu.

Paka kwa kitambaa, kwa wingi, kisha uangalie. Ndani ya dakika kumi hivi mpini unabadilika: sehemu fulani bado zinang'aa kama zimelowa, nyingine zimefifia, kwa kawaida karibu na ribiti na kwenye mviringo wa mkia. Zilizofifia zimekunywa, ziongeze. Zinazong'aa zimeshiba. Ikifika dakika ya 20, futa yote. Futa kwa nguvu, kwa kitambaa kikavu, ukibadilisha kitambaa, mpaka uone umeharibu kazi kwa sababu mpini unaonekana mkavu.

Hapo ndipo wengi wanaposhindwa kujizuia. Wanaacha utando kidogo "ili kinga iwe nene". Lakini mafuta haya yanakauka kwa hewa. Utando mnene unaota ngozi juu, ngozi inaziba hewa, na chini yake panabaki pabichi wiki nzima. Kidole kikikandamiza, ngozi inateleza. Huko ndiko kunakotoka kunata kunakowarudisha watu kuuliza. Kinga inayokulinda ni ile iliyoingia ndani ya mbao.

Subiri saa 24 kati ya mkono na mkono. Wakati wa mvua subiri 48 au zaidi. Kabla ya kila mkono mpya, pitisha msasa 400 kwa wepesi, futa vumbi. Mikono mitatu inatosha kwa biki au mninga. Mbao laini itataka minne au mitano.

Onyo ambalo usiliruke. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti wala cheche. Ile kazi ya kuchukua oksijeni hutoa joto. Kitambaa kikiwa kimekunjamana au vikiwa vingi kwenye lundo, joto halina pa kutokea, linaongezeka saa baada ya saa hadi moto. Tarehe 23 Februari 1991, jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, lenye ghorofa 38, liliungua kwa chanzo hichohicho: vitambaa vya mafuta ya kitani vilivyoachwa na waliokuwa wakishughulikia mbao ghorofa ya 22. Wazima moto watatu walikufa. Kwa hiyo kila kitambaa ukimaliza kukitumia kitumbukize kwenye lile kopo la maji, au kitandaze kimoja kimoja nje juu ya sakafu ya saruji hadi kikakamae kabisa. Usikitupe kwenye pipa la taka la ndani, usikiache mfukoni mwa aproni.

Utajua umefaulu: mpini una mng'ao mtulivu, nyuzi zinaonekana kwa kina, na ukishika kwa kiganja chenye jasho hauachi harufu kali mkononi.

## Hatua ya 7: Subiri

Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Kisu kitumie kwa kazi kavu baada ya wiki moja, kwa maji baada ya wiki mbili au tatu. Kukomaa kabisa huchukua kama mwezi.

Wakati huo kiache wazi, mahali penye hewa. Kwenye mfuko wa nailoni au ala ya ngozi hakuna hewa, na ala itanyonya mafuta yako. Pima kwa kucha: kandamiza mahali pasipoonekana, mfano chini ya mkia. Kucha ikiacha alama, bado. Pima na kwa pua pia: harufu ya kitani ikiwa bado inapanda, bado.

## Hatua ya 8: Vanishi ya mashua, kwa anayeihitaji tu

Kwa kisu cha mfukoni au cha jikoni, ruka hatua hii. Mafuta peke yake yanarekebishika kwa nusu saa. Vanishi ikichakaa inadai uanze upya na msasa. Lakini kisu kinachokata chambo kila siku, kikishikwa na mikono yenye maji ya chumvi, kitafaidika na mikono miwili ya vanishi ya mashua juu ya mafuta yaliyokomaa. Imetengenezwa iwe na unyumbufu, ili ifuate mbao ikivimba na kunywea. Vanishi ya fenicha za sebuleni ni ngumu, hupasuka.

Sugua kwa 400, futa kwa tapentaini. Mkono wa kwanza zimua kwa tapentaini kidogo, kama sehemu moja kwa tisa za vanishi. Paka nje peke yake. Vanishi mferejini inaongeza unene kwenye kuta, na nafasi humo ni unene wa karatasi chache tu. Ukipaka kwenye kingo za mfereji, itajikusanya ukutani kama mstari mnene: ipitie kwa ncha ya kijiti kabla haijashika. Siku mbili kati ya mikono.

## Hatua ya 9: Nta, na pini mwishoni

Ondoa tepu, kama hujaiondoa bado. Palipo na mafuta juu ya shaba, futa kwa spiriti. Yakibaki kwenye kona yatageuka kijani.

Yeyusha nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya kitani sehemu tatu, kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke bakuli moja kwa moja kwenye moto, nta huwaka. Ikiganda inakuwa laini, unaichota kwa kidole. Paka kidogo sana nje na mferejini, subiri nusu saa, sugua hadi kiganja kiteleze vizuri. Kitambaa hicho nacho kinaingia kwenye kopo la maji. Aliyepaka vanishi anatosheka na nta ya mferejini.

Pwani usiiache nta. Kitani peke yake, kwenye droo yenye unyevu, huota ukungu wa madoa meusi.

Sasa pini. Tone moja la mafuta ya cherehani au likwidi parafini, kunja na fungua mara ishirini hivi, futa yaliyotoka. Yakitoka yakiwa kahawia na mazito, kuna kitani kilichoingia humo: ongeza tone, endelea kukunja, futa, hadi yatoke safi.

Jaribio la mwisho: kunja kisu, dondosha maji kijiko kimoja juu ya mdomo wa mfereji, subiri dakika tano. Kung'uta, futa, fungua. Bapa lifunguke kwa nguvu zilezile za kabla ya maji. Likigoma kidogo, mfereji unadai mkono mmoja zaidi. Kausha siku mbili, futa nta kwa tapentaini, urudi hatua ya tano.

## Mpingo na pembe

Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na umejaa mafuta na utomvu wake wenyewe. Hayo yanazuia kitani kisikauke na vanishi isishike. Fundi anayekupakia mpingo vanishi ing'ae dukani anakuuzia magamba ya miezi michache ijayo. Ufute kwa spiriti hadi kitambaa kisitoke cheusi sana, uupeleke msasa hadi 400 au zaidi, kisha nta peke yake, iliyosuguliwa mpaka ipate joto. Habari ya mfereji kuvimba, kwa mpingo, haisumbui kama kwa biki.

Mpini wa pembe nao upake nta, na usiuweke karibu na moto wala maji ya moto. Pembe inalainika na kujipinda.

## Ukikuta umeshaharibu

*Unanata na ulitumia kitani.* Kitambaa chenye tapentaini, sugua na msasa 400, futa ngozi yote, uache wiki moja penye hewa. Usipake kitu juu ya kitu kinachonata ukitumaini kitakauka chini yake.

*Unanata na ulitumia mafuta ya kula.* Futa kwa tapentaini, kisha kwa spiriti, acha siku moja, rudia. Mafuta yataendelea kupanda kutoka ndani kwa siku kadhaa. Tone la spiriti likikauka bila kuacha pete ya mafuta, anza hatua ya tatu.

*Vanishi inatoka magamba.* Magamba yakishaanza, hata pale palipoonekana pazima maji yameshapita chini. Itoe yote.

*Bapa linafunguka ila limekuwa zito.* Kabla ya kulaumu mbao, safisha pini kwa mafuta ya cherehani kama hatua ya tisa inavyosema. Tatizo la visu vingi huishia hapo.

## Kukitunza

Dondosha tone la maji mkiani mwa mpini kila baada ya miezi michache. Likianza kuzama, mkono mmoja mwembamba wa mafuta, mfereji kwanza, unatosha. Kisu kikitoka baharini kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kipanguse, ukilaze wazi usiku kucha na mfereji chini, ndipo ukikunje asubuhi.